Kikole Mezani

Basi la kusini halijasimama vizuri Somanga, madirisha yameshajaa mabeseni. Samaki wa kukaanga, pweza wa vipande, mihogo ya kuchoma, korosho zilizofungwa kwenye vifuko virefu vyembamba. Abiria waliozoea njia hii wanajua wa kumwita na wa kumpita. Mimi nilimwita aliyefika kwanza, nikachukua changu mmoja na kipande cha muhogo, nikala kwa vidole juu ya karatasi huku gari likiitafuta Nangurukuru. Changu alikuwa wa asubuhi ile ile. Chumvi ilitosha, pilipili ilikuwa pembeni kwenye kikaratasi chake, na sikuwa na haja ya kuuliza ametoka wapi, maana bahari haikuwa mbali na harufu yake ilikuwa ndani ya basi.

Nilikuwa nakwenda Kikole. Ni kijiji cha bara wilayani Kilwa, kilichoachana na barabara ya lami, ndani ya misitu ya mpingo. Nje ya mkoa wa Lindi ni wachache waliowahi kulisikia jina lake. Mimi nililisikia kwanza kwa habari ya miti. Safari hii nilikuwa nakifuata kijiji kwa habari ya chakula, na sababu yenyewe ilianzia kwenye meza za mbali kabisa na huko.

Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia namna moja ya mlo ambayo imeingia katika miji yetu. Huchagui chakula kwenye orodha. Unaweka nafasi mapema, unaketi saa iliyopangwa, na jikoni ndiko wanakoamua utakula nini. Vinakuja vionjo, sahani ndogo baada ya sahani ndogo, tano, saba, pengine kumi na zaidi, na zote zimeunganishwa na wazo moja: bahari, msimu, mji fulani, enzi fulani. Waliolifikisha jambo hili mbali sana ni mpishi Grant Achatz na mshirika wake Nick Kokonas, ambao mwaka 2011 walifungua mgahawa wa Next jijini Chicago. Kila baada ya miezi kadhaa Next hubadilika wote, sahani na hadithi yake. Menyu ya kwanza iliitwa Paris 1906, ikarudisha upishi wa enzi za mpishi wa Kifaransa Auguste Escoffier. Baadaye ikaja Thailand, ikaja menyu ya utotoni, ikaja Sicily. Wateja hukata tiketi na kulipa kabla ya kula.

Huku kwetu Afrika Mashariki yuko Dieuveil Malonga mjini Kigali, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville aliyesomea upishi Ujerumani. Amezunguka nchi nyingi za Afrika akiketi na akina bibi jikoni, akijifunza uchachushaji, viungo na namna za kuhifadhi chakula, kisha akayapeleka hayo yote kwenye mgahawa wake wa Meza Malonga, sahani baada ya sahani. Na Zanzibar, Mji Mkongwe, kuna meza ya juu ya paa katika hoteli ya Emerson Spice. Hoteli hiyo ina jina la Emerson Skeens, Mmarekani aliyehamia visiwani, akayafufua majumba ya kale, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 2014. Unapanda ngazi za mbao mpaka unatokea juu ya mapaa yote, jua linazama, adhana zinapokezana msikiti kwa msikiti, halafu mlo wa awamu tano unaanza, wa vitu vya baharini na viungo.

Nilikula pale, na nasema wazi kwamba nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu mhudumu, kijana wa Unguja, aliinama kidogo kila aliposhusha sahani akaeleza kilichomo: samaki gani, kiungo gani, kimepikwaje. Hakukariri. Alikuwa anazungumza chakula cha kwao, na wageni kutoka Ulaya waliweka uma chini wakamsikiliza. Sijaona mara nyingi mgeni akinyamaza kumsikiliza kijana wetu akieleza chakula chetu. Tangu siku ile naamini mlo wa vionjo unaweza kufanya kazi ya heshima, ukipikwa na wanaojua na ukasimuliwa na wenyewe.

Dar es Salaam nilikutana na upande wake wa pili. Ulikuwa mgahawa mwingine wa kifahari, wenye menyu iliyopewa jina la ladha za pwani. Sahani ya tatu ilikuwa kipande cha jodari kilichoviringishwa kwenye ufuta na kukaangwa upande upande, na kando yake rojo la asali na ukwaju. Kitamu sana. Nikauliza ufuta umetoka wapi. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi na jibu: kwa msambazaji. Na asali? Kwa msambazaji. Menyu ile ilieleza historia ya Waswahili tangu majahazi ya Uajemi, lakini haikuweza kutaja shamba moja wala kijiji kimoja. Bei ya sahani ile moja ingenunua kilo nyingi za ufuta wenyewe mnadani Lindi.

Ndiyo sababu ya Kikole.

Nilianzia Kilwa Masoko, maana huwezi kuzungumzia meza ya Kilwa ukaiacha Kilwa Kisiwani. Unachukua kibali, unapanda mashua, na upepo ukiwa mzuri safari haikawii. Gereza linakupokea ufukweni, na nyuma yake, ukipita migomba na minazi, yapo matao ya Msikiti Mkuu na kuba zake. UNESCO iliorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati yakatolewa humo mwaka 2014. Lakini mimi nilikuwa nikitafuta habari za kula.

Na habari za kula zipo. Msafiri Ibn Battuta alifika pwani hii mwaka 1331. Akiwa Mogadishu alieleza alivyokirimiwa, kwa undani wa mtu aliyeshiba: wali uliopikwa kwa samli kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na juu yake achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Ukiitazama orodha hiyo utaona mpangilio. Kizito kina kichachu chake, kikali kina kipoza chake. Huo ni mlo uliofikiriwa, miaka karibu 700 iliyopita.

Kutoka huko akapitia Mombasa, akafika Kilwa, na kuhusu sultani wake, Al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, aliandika jambo ninalolipenda kuliko maelezo yote ya dhahabu ya Sofala: kwamba alikuwa mnyenyekevu, akiketi na mafakiri na kula nao. Jumba la Husuni Kubwa, lenye bwawa la pembe nane juu ya mwamba na ngazi zinazoshuka hadi baharini, linanasibishwa na sultani huyo. Nilikaa juu ya ukingo wa bwawa lile. Chini, kwenye udongo, kijana aliyenitembeza alinionyesha kigae cha bakuli, cha kijani kibichi, laini kwa kidole hata sasa. Ni udongo wa China. Mabakuli kama lile watu wa pwani waliyatia kwenye kuta za misikiti na makaburi, na yale ya kula wanaakiolojia wameyapata kwa wingi pwani nzima, na wamo wanaosema kwamba karamu ndiyo iliyokuwa siasa ya miji hii: aliyelisha watu, akalisha kwa vyombo vizuri, ndiye aliyefuatwa. Nilikirudisha kigae pale pale kilipokuwa.

“Siku hizi meli za watalii zinakuja,” alisema nahodha wa mashua tuliporudi. “Wanashuka, wanapiga picha, wanarudi kula kwao melini.”

Nilimuuliza kama wangebaki wakila Kilwa wangekula nini. Akafikiri. “Wali na samaki, dada. Kuna kingine?”

Kipo, na nilikikuta bara.

Asubuhi nilirudi Nangurukuru, nikakubaliana bei na kijana wa bodaboda aliyezaliwa upande huo, tukaacha lami. Ilikuwa Julai. Njia ilikuwa kavu, mchanga mwekundu umejaa kwenye nyayo za magari, na mara kwa mara ilinibidi nishuke nitembee ili pikipiki ipite. Wanaoijua Kilwa wanakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga na mafuriko yakaikata hata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi. Njia za ndani kama hii ndizo zinazochelewa kutengenezwa. Kusi lilikuwa linavuma hata huku, lakini halikuwa na chumvi tena. Miti ilikuwa imeanza kupukutisha majani. Mashambani ufuta ulikuwa umeshakatwa, umefungwa mashada, na mashada yameegemezwa wimawima ili vitumba vikauke na kupasuka. Familia moja ilikuwa kazini tulipopita. Mama analishika shada, analigeuza kichwa chini juu ya turubai, analigonga kwa fimbo mara moja, mara mbili, na mbegu zinamiminika kwa sauti ya mvua ndogo. Nilisimama kutazama. Akanichotea konzi moja nitafune. Ufuta mpya una mafuta yanayobaki kwenye ulimi, na uchungu kidogo mwishoni ambao ule wa ghalani hauna tena.

Kikole nilipita kwanza ofisi ya kijiji, nikasaini kitabu cha wageni. Hapo ndipo habari ya miti inapoingia, na siwezi kuiruka, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niamini kwamba ninalolifikiria kuhusu chakula linawezekana.

Mpingo ni mti wa subira. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Moyo wake mweusi ndio unaotengeneza vinyago vya Wamakonde, na ndio unaotengeneza klarineti na obo zinazopigwa katika kumbi za Ulaya na Marekani. Miaka mingi magogo yalitoka Kilwa na vijiji vilivyoyatunza vikabaki karibu mikono mitupu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji uwezo wa kutenga msitu wao, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Kikole na jirani zao wa Kisangi, wakisaidiwa na shirika la MCDI, walipima msitu, wakaweka mpango wa uvunaji na kamati ya maliasili, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, misitu ya kwanza ya asili inayosimamiwa na wanakijiji kukipata barani Afrika. Baada ya hapo gogo linapigwa alama, kisiki chake kinapigwa alama, karatasi zinafuatana na mzigo, na mtengenezaji wa klarineti huko mbali anaweza kujua mti ulisimama katika msitu wa nani. Vijiji vya Kilwa vilivyoingia katika mpango huu vimetumia fedha za mbao kwa mambo yao, madarasa na visima vikiwamo.

Kama mpiga klarineti anaweza kujua jina la msitu, mla ufuta anashindwaje kujua jina la shamba?

Mwenyeji wangu alikuwa mama mwenye umri wa kunizaa. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu. Karibu.” “Starehe.” Akanipa kigoda nje ya jiko, na kabla sijaeleza nilichofuata, kikaja cha kwanza.

Ming'oko. Watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji maelezo, lakini wengine wengi hawajaiona. Ni mizizi ya mwituni, myembamba na mirefu, yenye ngozi ya kahawia. Wanawake huifuata porini wakati wa kiangazi, wanaona kijiti kilichokauka cha mmea unaotambaa, wanachimba kwa jembe au mti uliochongwa, na uchimbaji una adabu zake: unatoa mzizi, unaacha kichwa ardhini kiote tena, unafukia shimo. Mama alikuwa ameichemsha na chumvi tangu alfajiri, chungu kimefunikwa majani ili mvuke usipotee. Unaishika mkononi, unaivua ngozi kwa meno, unakula. Ndani ni nyeupe, mikavu kidogo kama kiazi kikuu kilichoiva vizuri, ila ina ladha ya udongo msafi na utamu unaokuja kwa kuchelewa. Pilipili ilikuwa imetwangwa na ndimu. Nilikula nikanyamaza. Migahawa ya Copenhagen imejipatia jina duniani kwa kuokota chakula porini na kukipanga kwenye sahani ya udongo. Akina mama wa Kikole wanaijua kazi hiyo, tena wanaijua kwa msimu na kwa njia.

Baadaye zikaja mbaazi mbichi, zilizomenywa asubuhi ile na wajukuu, zikapikwa kwa tui mpaka mchuzi ukawa mzito wa rangi ya majani. Nazi zilikuwa zimeletwa kutoka pwani, mama akazikuna mwenyewe juu ya mbuzi, akachuja tui la kwanza akaliweka kando, akapikia la pili, na lile zito akalimimina mwisho, moto ukiwa umeshatolewa. “Ukilichemsha linakatika,” aliniambia, ingawa sikuuliza. Aliona ninaandika.

Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa mtama, mwekundu mweusi, mzito, na kisamvu. Kisamvu kilitwangwa kwenye kinu mpaka kikawa laini, kikachemshwa muda mrefu kuondoa ukali wake, halafu badala ya karanga mama alitia ufuta. Alikuwa ameukaanga mkavu kwenye kikaango cha udongo, akiutikisa tu bila kuukoroga, na aliuondoa motoni mara tu mbegu zilipoanza kurukaruka. Akausaga kwenye kinu kidogo mpaka ukatoa mafuta yake. Uji ule wa kijivu ulipoingia kwenye kisamvu, jiko zima lilibadilika harufu. Pembeni kulikuwa na ng'onda, papa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa na jua huko Kilwa Kivinje, aliyelowekwa usiku kucha na kupikwa kwa embe mbichi zilizokaushwa. Bahari imefika Kikole kwa njia hiyo tangu zamani. Ng'onda na chumvi vilipanda bara, nafaka na nta vilishuka pwani, kwenye njia zile zile ambazo katika karne ya 19 ziliteremsha pia pembe na watu waliofungwa minyororo kwenda soko la Kilwa Kivinje. Historia hiyo isisahaulike katika hadithi yoyote itakayosimuliwa juu ya chakula cha huku.

Tulipomaliza, kijana mmoja wa kifugaji akapita na kibuyu. Wafugaji wameingia kwa wingi mkoani Lindi tangu walipoondolewa bonde la Ihefu miaka ya 2006 na 2007, na kuishi pamoja na wakulima hakujawa rahisi siku zote, lakini maziwa yao yamefika kwenye vikombe vya watu ambao zamani walikuwa hawanywi maziwa. Mama akamimina mgando kwenye bakuli, akaweka juu yake kijiko cha achari ya ndimu. Nikamtazama. Nikamsimulia kwamba kuna mgeni aliyelishwa hivi hivi pwani hii, maziwa ya mgando na achari ya ndimu, mwaka 1331.

“Basi alikuwa na tumbo zuri,” alisema, akaniongezea.

Mwisho ilikuja asali ya msituni, nyeusi, bado na vipande vya sega, na ufuta wa kukaanga umenyunyizwa juu. Jodari wa Dar es Salaam alinirudia kinywani. Vitu vilikuwa vile vile. Tofauti ni kwamba hapa nilijua mzinga ulitundikwa upande gani wa kijiji na nani aliukwea mti.

Niseme nilichokiona bila kupamba. Huu haukuwa mlo wa kimaskini uliogeuzwa kuwa mtamu na njaa ya safari. Ulikuwa na mpangilio, ulikuwa na ufundi ambao ungemhangaisha mpishi wa hoteli, na ulikuwa na mada: kiangazi cha Kikole. Wala sisemi kwamba kwa sababu hiyo migahawa ya kifahari haina maana. Ina maana kubwa, kwa kuwa ndiyo inayoweza kumlipa mama huyu thamani ya ujuzi wake. Nikamuuliza: mgeni akija kula hivi, atatozwa kiasi gani?

“Chakula cha mgeni hakiuzwi, mwanangu.” Alikaa kimya akikusanya vyombo. Halafu akasema: “Lakini kama mgeni ni wa hoteli, na hoteli ndiyo inayomlisha, basi mimi nitamuuzia mwenye hoteli.”

Sijasikia mpango wa biashara ulioelezwa vizuri zaidi. Kwa sasa ufuta wa Lindi unauzwa kwa mnada katika mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa tani, na sehemu kubwa inapanda meli kwenda nje. Mfumo huo umewasaidia wakulima kupata bei ya wazi kuliko zama za walanguzi wa kupita nyumba kwa nyumba. Lakini mnadani ufuta ni ufuta tu. Ule niliotafuna njiani, mpya, wenye uchungu wa mwisho, umechanganywa na wa kila mahali. Ming'oko haiendi mnadani kabisa. Asali inauzwa kwa chupa ya maji barabarani.

Usiku ule nilirudi Masoko nikaketi kula katika nyumba ya wageni, na menyu iliyoletwa ilikuwa na kuku na chipsi, samaki na chipsi, tambi, na omleti. Mpishi alikuwa kijana hodari wa Lindi mjini. Nikamwita, nikamuuliza kuhusu ming'oko. Uso ulimng'aa. Alikua akila ming'oko kwa bibi yake. Mbona basi haipo hapa? “Wageni hawaulizi, dada. Na mimi chuoni sikufundishwa kupika vya kwetu, nilifundishwa vya wageni.” Alisema bila kulalamika. Tulikaa mpaka taa za jikoni zilipozimwa, tukapanga kwenye karatasi ya oda menyu ya awamu sita, na kila alichokiandika alijua atakipata kwa nani.

Menyu ile inawezekana kesho. Haihitaji jengo jipya. Inahitaji hoteli moja ya Masoko au Kivinje itenge usiku mmoja kwa juma, iweke nafasi mapema ili akina mama wapate muda wa kwenda porini na wavuvi wajue kinachotakiwa, na ibadilike na mwaka: kiangazi ming'oko, mbaazi na ufuta mpya, vuli korosho mbichi, mabibo na embe, masika uyoga na mboga za mwituni. Inahitaji kikundi cha Kikole kilipwe kwa bei iliyoandikwa kabla, na uchimbaji uwe na mipaka, kama ilivyo kwa mpingo, ili mahitaji ya hoteli yasimalize mizizi ya msitu. Inahitaji Chuo cha Taifa cha Utalii kimfundishe kijana kama yule kukaanga ufuta na kuondoa ukali wa kisamvu kwa uzito ule ule anaofundishwa mchuzi wa Kifaransa. Na inahitaji msimulizi. Kilwa ina wasimulizi; nimetembezwa nao.

Wewe mwenye hoteli Kilwa, na wewe mpishi wa Zanzibar au Dar es Salaam unayetia ufuta na asali ya kusini kwenye sahani yako: nenda Kikole ukale kwanza. Kisha liandike jina la kijiji kwenye menyu, na ukilipe kijiji kwa kadiri jina hilo linavyokuongezea bei.